Kijana wa mlangoni kamharibia baba yangu siku

Naandika nikiwa na hasira, mnivumilie. Wiki chache zilizopita nilimpeleka baba kuangalia picha kwenye ule ukumbi wa zamani wa sinema hapa Arusha mjini, maana tulisikia umefunguliwa tena. Baba akavaa koti. Kwenye Hiace ya kutoka Sakina, tumebanana, akanisimulia mambo ambayo sijawahi kuyasikia kwake: foleni ya Jumapili ya picha za Kihindi, walanguzi wa tiketi, yeye na wenzake kugombea siti za mbele kwa sababu ndizo za bei nafuu. Anasema tangu majumba ya kupangisha yalipotaifishwa mwaka 1971, paa likivuja kila mtu anasema si lake. Zikaja kanda za video, watu wakahamia kwenye vibanda. Mwaka 1994 Bara tukapata vituo vya televisheni, na ukumbi ukawa ghala.

Sasa sikilizeni. Hata nusu saa haijaisha, umeme ukakatika. Umeme hukatika kila mahali, hilo sina neno. Jenereta ikagoma. Tukakaa gizani na lile joto, hakuna hata mmoja aliyekuja kutuambia lolote. Baba akainuka, akapapasa ukuta mpaka mlangoni, akauliza kwa upole, "Mwanangu, tusubiri au turudi?"

Kijana macho kwenye simu. Shikamoo hakutoa. "Mzee, si ukaangalie tivii kwako?"

Baba yangu ana miaka sabini na kitu! Kalipa kiingilio kama wengine! Nikataka kudai hela yetu palepale, baba akanishika mkono. Tukatoka kimya, na mpaka tunafika kituoni hakusema kitu.

Nilikuwa nimeshaandika hapa "msiende kabisa". Nimefuta. Ule ukumbi ni mzuri jamani, sauti ilikuwa inajaa mpaka kifuani, na baba alipoiona balkoni alisimama akacheka peke yake. Tukiususa wataugeuza fremu za maduka. Basi nendeni. Ila huduma yao ni mbovu, na yule kijana hafai kukaa mbele ya watu, hapo sirudi nyuma.

Jana baba kaniuliza picha nyingine ni lini. Nitampeleka, lakini safari hii mlangoni natangulia mimi.