TAHADHARI: Tapeli wa wanasesere wa vichimbakazi, msimtumie hela

Jamani, kama kuna mtu amekufuata inboksi akikuuzia seti ya wanasesere wa vichimbakazi (wale viumbe wadogo wa hadithi wenye mabawa), wanne, mmoja kwa kila majira ya mwaka, "waliofinyangwa kwa mkono", simama hapo hapo. Usitume hata senti. Mimi nimeshalizwa. Naandika huku uso unanichoma kwa aibu, na kwa hasira zaidi, na najua wapo watakaocheka. Chekeni. Seti nilimnunulia mtu, na ilikuwa lazima ifike kabla ya siku maalumu.

Kwanza muelewe: sikununua mbuzi kwenye gunia. Huyu mtu anaijua kazi, au anajua kuisimulia. Nilimuuliza anafinyangia nini, akajibu udongo wa polima, ule wa plastiki unaogandishwa kwa kupikwa kwenye oveni, juu ya kiunzi cha waya, na ndani ya kichwa anajaza karatasi ya foili ili udongo usiwe mnene ukapasuka ukipikwa. Nikamuuliza oveni anaiweka nyuzi ngapi. Akasema 130, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Moto ukizidi uso unageuka kahawia, ukipungua vidole vinakatika kama chaki. Yote ni kweli! Mfinyanzi wa kweli angejibu hivyo hivyo. Nywele akasema ni manyoya ya mbuzi wa Angora, anayabandika fungu kwa fungu kuanzia kisogoni kupanda juu. Macho ni ya kioo. Akanipa nichague rangi ya macho ya yule wa majira ya baridi, nikachagua kijivu, na baada ya muda akarudi na picha ya macho mawili ya kijivu yamelala kwenye kiganja. Ninyi mngefanyaje?

Na zile picha, wacha tu. Yule wa vuli kofia yake ni kikombe cha tunda la mwaloni, mabawa yake ni majani makavu yaliyobaki mishipa mitupu, mwanga unapenya. Ukivuta picha karibu, nyuma ya goti kuna alama ya kidole iliyobaki kwenye udongo. Hiyo alama ndiyo iliyonimaliza. Nikasema hapa pamepita mkono wa mtu, hiki si kitu cha kiwandani.

Usiku ule akaanza kunikimbiza. Eti kuna mteja mwingine anaitaka seti, "lakini wewe tumeshaongea kindugu, nimekushikia." Nikinyamaza, naona anaandika, anafuta, anaandika tena. Nikamwambia nilipe nusu, nusu nyingine nikiona mzigo umepokelewa posta. Akanitumia voisi, sauti ya upole, mtoto analia kwa mbali, anasema vifaa ameshanunua kwa hela ya matumizi ya nyumbani. Halafu akaniomba nitume kwa ile njia ya ndugu na marafiki, siyo ya malipo ya bidhaa, asikatwe makato. Nikabonyeza. Yote, siyo nusu. Papo hapo ikaingia "Mungu akubariki" na emoji ya kipepeo. Kipepeo!

Mzigo ulikuja, maana huyu ni mjanja, haingii mitini moja kwa moja. Namba ya kufuatilia ni halali, kwa hiyo ukilalamika kwenye mfumo unaambiwa umeshapokea. Nimefungua boksi: plastiki ya kalibu. Mstari wa kiungio umeshuka kutoka sikioni hadi begani. Nywele ni wigi ya nailoni, gundi imevuja kwenye paji la uso. Macho ya kioo hayapo, yamepakwa rangi, moja liko chini ya jingine. Mabawa ni karatasi ya kung'aa yenye mikunjo. Nikamgeuza yule wa kiangazi, chini ya unyayo kuna namba ya kalibu imechomoza. Nikawageuza wengine. Namba ni ile ile kwa wote wanne! Mdoli mmoja kavalishwa nguo nne nikaambiwa ndiyo majira. Nilipomwandikia akajibu "kazi ya mkono hutofautiana kidogo na picha", kisha kanibloku.

Na mnaoandaa ile ya "mimi ningejua", tulieni. Mwaka 1917 kule Cottingley, Uingereza, Elsie Wright na binamu yake Frances Griffiths, mtoto wa miaka 9, walipiga picha wakiwa na vichimbakazi waliokatwa kwenye karatasi na kusimamishwa kwa pini za kofia. Arthur Conan Doyle, mtunzi mzima wa hadithi za upelelezi, aliamini, akaandika makala mwaka 1920. Wenyewe walikuja kukiri mwaka 1983, wameshakuwa bibi. Sasa mtunzi wa wapelelezi aliingizwa mjini kwa karatasi na pini, mimi tapeli alinionyesha hadi video za mikono ikikata udongo.

Hizo video, ndiyo. Nimezirudia: kwenye moja anakata udongo kwa mkono wa kushoto, kwenye nyingine wa kulia, na sura haionekani popote. Picha nazo, nilipozipitisha kwenye kutafuta kwa picha, zikatokea za msanii mwingine kabisa, zikiwa kamili, sahihi yake iko chini kwenye kibao anachosimamia mdoli. Huyu mwizi kaikata. Ile njia ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi, ndiyo maana anaing'ang'ania. Muuzaji yeyote mwambieni ampige mdoli picha kando ya karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Akianza hadithi, kimbia. Kuna na mengine ila sina utulivu wa kuyapanga sasa.

Na kufungiwa akaunti tu hakumtoshi huyu tapeli. Atapike hela za kila mtu, amlipe na yule msanii aliyemwibia picha, halafu afungwe, tena apewe udongo na waya huko ndani afinyange kwa mikono yake seti ya kila aliyemliza, vidole na kucha zote, asitoke mpaka amalize. Mtu anachezea hadi sauti ya mtoto!

Msanii mwenye picha nimeshamwandikia, ameanza kupeleka malalamiko. Tapeli naye ameshabadilisha jina na picha ya wasifu, ila maelezo ya bidhaa ni yale yale, na kipepeo chake mwishoni. Mkimwona msimjibu. Pigeni skrinishoti kwanza, ndipo mripoti, kwa sababu akishtuka anafuta kila kitu.