Jumamosi Usiku Hospitalini: Tathmini ya Huduma ya Wikendi

Huduma ninayoitathmini hapa ni ile ambayo wengi wetu huitumia bila kuichagua, yaani matibabu ya dharura ya Jumamosi na Jumapili katika hospitali ya umma. Niliitumia katika hospitali ya kaunti moja ya Pwani ya Kenya, nilipompeleka mpwa wangu wa miaka 16 aliyeshikwa na tumbo jioni ya Jumamosi. Jina la hospitali silitaji, kwanza kwa sababu niliyoyaona huko hayako huko pekee, na pili kwa sababu mtu wa kwanza ambaye angeitwa ofisini kujieleza ni yule yule ambaye hakulala kwa ajili yetu.

Tulifika kwa tuktuk saa moja na nusu usiku. Kufungua faili hakukuchukua hata dakika kumi. Nesi alimpima joto na presha, na kabla ya nusu saa kuisha tabibu wa zamu alikuwa amemlaza kitandani, akambonyeza taratibu upande wa kulia chini ya kitovu, akauachia mkono ghafla, na kijana alipopiga yowe akaandika kwenye faili kwamba anashuku kidole tumbo. Hakuwa na kifaa chochote isipokuwa mikono yake. Wagonjwa wengi humwita tabibu huyu daktari, naye haoni haja ya kuwasahihisha, ingawa yeye amesomea diploma. Katika hospitali zetu yeye ndiye mlango, na mlango wa usiku ule ulikuwa umefunguliwa vizuri. Wanaolalamika kwamba hospitali za serikali hupuuza watu mapokezini wangekosa la kusema.

Yaliyofuata ndiyo yanayohitaji kuelezwa kwa urefu, maana baada ya mlango huo kasi yote iliisha.

Tabibu hawezi kuamua upasuaji, basi tukahamishiwa wodi ya upasuaji ya wanaume kumngoja daktari, na daktari alitufikia saa nne kasoro. Alikuwa mwanagenzi, binti ambaye nadhani hajafika miaka 27, anayetumikia mwaka wake mmoja wa uanagenzi baada ya miaka mingi ya chuo cha udaktari. Alimpima kijana upya tangu mwanzo, akamuuliza dadangu maswali ambayo tabibu hakuuliza, kisha akageuza simu yake. Nyuma ya simu hiyo alikuwa amebandika kipande kirefu cha plasta nyeupe, ile ya kufungia vidonda, na juu yake ameandika kwa kalamu namba za vitanda, moja chini ya nyingine, na mbele ya kila namba neno moja au mawili: damu, mkojo, dripu, piga simu. Aliongeza namba ya kitanda chetu mwishoni. Nilihesabu namba kumi na tisa. Wodi ile haikuwa na wagonjwa kumi na tisa wa dharura. Nyingine zilikuwa za wodi ya wanawake na za kitengo cha dharura, ambako pia alikuwa akingojwa.

Alitoa damu mwenyewe na kuipeleka maabara mwenyewe, kwa kuwa mhudumu aliyestahili kuipeleka alikuwa akimsukuma mgonjwa wa ajali ya bodaboda. Maabara ilikuwa na mtu mmoja. Majibu yalitoka saa saba usiku. Picha ya ultrasaundi, ambayo ingeondoa shaka, haikupatikana kabisa, si kwa sababu mashine ni mbovu bali kwa sababu chumba chake hufungwa Ijumaa jioni na kufunguliwa Jumatatu asubuhi. Mashine ya mamilioni hukaa gizani siku mbili na nusu kila wiki, na daktari mwenye uzoefu wa miezi michache huachiwa kubahatisha kwa vidole. Kwa maoni yangu hili ndilo kosa kubwa kuliko yote niliyoyakuta, na ndilo rahisi zaidi kurekebisha.

Kuhusu bima nitasema machache. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, tarehe 1 Oktoba 2024, humkata dadangu asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi bila kujali kama leo ni Jumapili; karani wa kuthibitisha malipo hospitalini hujali. Tulitia saini karatasi ya ahadi na mambo yakaendelea.

Saa saba na nusu daktari bingwa wa upasuaji alielezwa kila kitu kwa simu, akaagiza kijana aandaliwe. Akaandaliwa: dripu, sindano ya antibayotiki, hakuna kula wala kunywa. Kisha tukangoja hadi saa tatu asubuhi. Chumba cha upasuaji kilikuwa wazi na madaktari wa kupasua walikuwepo, lakini mtaalamu wa nusukaputi alikuwa mmoja kwa hospitali nzima, na usiku ule walikuja akina mama watatu, mmoja baada ya mwingine, waliohitaji kujifungua kwa upasuaji. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kulalamika kwamba mtoto aliyekuwa akipoteza pumzi tumboni alitangulizwa mbele ya kidole tumbo. Hata hivyo kidole tumbo nacho kina saa zake, na kikipasuka, upasuaji wa dakika arobaini hugeuka kuwa wiki kadhaa kitandani. Cha mpwa wangu hakikuwa kimepasuka. Daktari wa zamu alimfanyia kazi safi, mshono mdogo uliopona bila usaha, na Jumanne tulirudi nyumbani.

Nilipokuwa nikingoja nilipata wasaa wa kusoma ukuta. Karibu na meza ya manesi ilibandikwa ratiba ya zamu ya mwezi, iliyochorwa kwa rula, na kwenye wikendi ile jina la mwanagenzi wetu lilikuwa limejirudia: Jumamosi mchana, Jumamosi usiku, Jumapili mchana, Jumapili usiku. Jumatatu mchana liko pia, kama siku ya kawaida ya kazi. Upande wa daktari bingwa hapakuwa na haja ya kuchora visanduku, kwa sababu jina lilikuwa moja kwa siku zote thelathini. Nilimuuliza nesi kama ni makosa ya uchapaji. Alicheka, akaniambia, “Mjomba, hiyo ndiyo afadhali. Mwezi uliopita mwenzake alikuwa mgonjwa.”

Kila mtu anayeandika kuhusu madaktari wetu huanzia kwenye mshahara, na mimi pia nitaufikia, lakini nadhani ufunguo wa ratiba ile uko kwenye posho. Daktari wa umma nchini Kenya hulipwa posho ya zamu ya dharura kwa kiwango kimoja cha mwezi kulingana na cheo, awe ameitwa usiku mara mbili au mara ishirini. Kwa mhasibu huo ni mpango mzuri kwa sababu hauna mshangao, lakini matokeo yake ni kwamba usiku wa ziada haumgharimu mwajiri hata senti, na kitu kisicho na bei hakihesabiwi. Kama kila saa inayozidi saa nane za kazi kwa siku ingeandikwa na kulipiwa, mkurugenzi wa hospitali angegundua kabla ya mwezi kuisha kwamba kuajiri daktari wa pili ni nafuu kuliko kumchosha wa kwanza, na chumba cha ultrasaundi kingepata mtu wa Jumapili. Sasa hana cha kugundua, kwa maana katika vitabu vyake wikendi ni bure.

Kwa mwanagenzi ubure huo ni wazi zaidi. Tangu mwaka 2013 hospitali za ngazi hii ziko mikononi mwa kaunti, lakini mwanagenzi hulipwa na serikali ya kitaifa, kwa hiyo kaunti humpata bila kuajiri. Ndiye mfanyakazi pekee ambaye kadiri anavyotumiwa ndivyo bajeti ya kaunti inavyopumua. Si ajabu basi kwamba wikendi yote imeegemezwa juu ya bega lake.

Na bega hilo limeshagombaniwa sana. Mgomo wa madaktari ulioanza tarehe 5 Desemba 2016 na kumalizika tarehe 14 Machi 2017 ulidumu siku 100, na kiini chake kilikuwa mkataba wa makubaliano ya pamoja uliotiwa saini mwaka 2013 kisha ukaachwa bila kutekelezwa. Katikati ya mgomo huo viongozi wa chama cha madaktari, KMPDU, walipelekwa jela kwa kudharau amri ya mahakama. Mkataba wa mwaka 2017 ulimpangia mwanagenzi takribani shilingi 206,000 kwa mwezi. Miaka saba baadaye serikali ikasema ina uwezo wa kutoa shilingi 70,000 tu, na mgomo wa Machi 2024 ukachukua siku 56, hadi tarehe 8 Mei, ukaisha huku suala la wanagenzi likiachwa kando. Ilibidi ifike mwishoni mwa Desemba ndipo serikali ikubali kulipa kama mkataba ulivyosema. Wengi wetu tuliona fedha hizo ni nyingi kwa mtu anayejifunza. Nami nilikuwa mmoja wao, mpaka nilipomwona huyo anayejifunza akiwa ndiye daktari pekee aliye macho katika wodi mbili.

Kaunti nazo zina hoja ambayo si ya kupuuzwa. Kanuni za fedha za umma za mwaka 2015 zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na kaunti nyingi zimekwisha kuvuka mstari huo. Ndiyo maana tuna kichekesho hiki cha nchi nzima: madaktari waliomaliza uanagenzi wako nyumbani wakituma barua za kuomba kazi, na wodi zinatafuta madaktari. Lakini asilimia hiyo hujumlisha daktari na kila mfanyakazi mwingine wa kaunti, na sijasikia kwamba katika makao makuu ya kaunti yetu kuna mtu aliyefanya zamu ya siku tatu mfululizo kwa sababu ya ukosefu wa makarani.

Tusidhani kwamba jambo hili ni la nchi maskini tu. Uingereza, yenye madaktari kutoka kila pembe ya dunia, iliingia katika ugomvi huo huo mwaka 2015, waziri wa afya Jeremy Hunt aliposisitiza kwamba wagonjwa hufa zaidi wikendi kwa sababu madaktari ni wachache. Utafiti uliochapishwa mwaka huo katika jarida la BMJ ulionyesha kwamba aliyelazwa Jumamosi alikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 30 iliyozidi ya aliyelazwa Jumatano kwa asilimia 10, na wa Jumapili kwa asilimia 15. Lakini watafiti wenyewe walionya kwamba ni haraka mno kusema vifo hivyo vingeweza kuzuiwa, kwa kuwa wanaokuja wikendi huwa wamezidiwa zaidi. Waziri alitaka saa nyingi zaidi za Jumamosi zihesabiwe kuwa saa za kawaida za kazi, madaktari vijana wakagoma mwanzoni mwa mwaka 2016, na hoja yao ilikuwa rahisi kueleweka: kuwatandaza madaktari wale wale juu ya siku saba hakuongezi daktari hata mmoja. Angalau wao waligombania saa zilizokuwa zimehesabiwa.

Je, ningempeleka tena mgonjwa wangu pale Jumamosi usiku? Kwa dharura ya kweli, ndiyo, bila kusita, na ningependelea pale kuliko zahanati ya kibinafsi yenye vigae vinavyong’aa na daktari wa lokamu, yaani wa kushikilia zamu kwa muda, asiyejua hata kabati la dawa liko wapi. Kwa jambo linaloweza kungoja, kama uvimbe wa zamani au mguu unaouma tangu mwezi uliopita, ningesubiri Jumanne. Jumatatu yenyewe ni siku ya kufidia wikendi. Anayekwenda achukue kitambulisho, simu iliyosajiliwa na bima, blanketi, chupa ya maji na mtu wa pili wa kupokezana naye, na aandike mwenyewe saa ambayo kila dawa imetolewa, kwa sababu wanaostahili kuandika wana vitanda vingine.

Siku ile ya Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, daktari bingwa alifika kwa raundi akiwa na msururu wa wanafunzi na manesi wapya waliooga na kupiga pasi. Mwanagenzi wetu alisimama karibu na miguu ya kitanda, kwa sare ile ile ya Jumamosi, na alipoulizwa habari za mgonjwa huyu aligeuza simu yake kusoma. Plasta ilikuwa imebadilishwa. Ile ya kwanza ilikuwa imejaa. Daktari bingwa akamuuliza kwa nini hakuna picha ya ultrasaundi kwenye faili. Akajibu kwamba chumba kimefunguliwa nusu saa iliyopita.