Kipimo cha lehemu: sindano nzuri, karatasi isiyojieleza

Maabara hii binafsi ya jijini Dar es Salaam, ambayo jina lake nitalihifadhi, ilinichukulia damu ya kupima lehemu, yaani kolesteroli, kwa ustadi ambao sijauona kwingine. Mtaalamu alifunga mpira, akaupapasa mshipa bila haraka, akachoma mara moja tu, kisha akaandika jina langu kwenye kichupa mbele ya macho yangu kabla sijainuka kitini. Majibu yalitoka mchana wa siku hiyo hiyo. Lalamiko langu linahusu karatasi niliyokabidhiwa.

Ilionyesha jumla ya lehemu 5.8, HDL, ile iitwayo lehemu nzuri, 1.6, trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya damuni, 1.1, na LDL, yaani lehemu mbaya, 3.7. Pembeni mwa 5.8 palikuwa na herufi H kwa wino mwekundu. Mhudumu wa dirishani alipoiona alitikisa kichwa, akasema, "Baba, mafuta yamezidi, acha mayai." Hakuniuliza umri, wala presha, wala kama navuta sigara. Tena hapakuwa na neno lolote la kueleza kwamba ile 3.7 haikupimwa bali ilikokotolewa, kwa kuondoa katika 5.8 ile 1.6 na kisha trigliseridi zilizogawanywa kwa 2.2, hesabu ambayo haitegemewi trigliseridi zikivuka 4.5.

Vizio navyo vimechapwa kwa herufi ndogo mno. Majibu yangu ya 2019 yalisomeka 220, hivyo kwa dakika kadhaa nilifurahi kwamba nimeshuka ajabu, kumbe yale yalikuwa miligramu kwa desilita na haya ni milimoli kwa lita. Ukigawa 220 kwa 38.67 unapata takriban 5.7. Sikuwa nimeshuka hata kidogo.

Shemeji yangu, ambaye ni rika langu na tulikwenda pamoja, alipata jumla ya 4.7 bila herufi nyekundu kwenye mstari huo wa kwanza, akaikunja karatasi na kuitia katika mfuko wa shati, pamoja na pakiti yake ya sigara. Mstari wa pili, ambao hakuufikia, ulisema HDL 0.8, yaani lehemu nzuri nusu tu ya yangu.

Daktari tuliyempelekea karatasi hizo alianza kwa kutupima presha. Yangu ilikuwa 122 kwa namba ya juu, ya shemeji 164. Kisha akafungua chati za Shirika la Afya Duniani za 2019, ambamo ukanda wetu wa Afrika Mashariki una chati yake, zinazounganisha umri kuanzia miaka 40, jinsia, sigara, kisukari, presha na jumla ya lehemu, ili kukadiria uwezekano wa kupata mshtuko wa moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Aliyeangukia kisanduku cha hatari kubwa zaidi ni shemeji, si mimi mwenye herufi nyekundu. Kuhusu mayai hakusema kitu. Aliuliza zaidi juu ya chipsi na nyama ya mafuta.

Kwa sindano na wepesi wa majibu naipa maabara alama tano kati ya tano. Kwa karatasi, mbili. Nitarudi huko mwakani, lakini karatasi nitaipeleka kwa daktari bila kupita tena dirishani kuulizia maana yake.