Gesti za bei ya wastani Accra: tathmini kwa wafanyabiashara wa Kisumu

Wengi wanaotoka huku kwetu kwenda Accra hufuata vitenge. Mwenye kibanda Kibuye au vyerehani vitatu mjini hana haja na hoteli ya nyota nne ya ufukweni. Anataka kitanda safi, choo na bafu ndani ya chumba, mlango unaofungika sawasawa na mahali pa kuhifadhi mzigo hadi siku ya ndege. Gesti za namna hiyo zimejaa Accra, na kwa jumla tunazipa alama saba kwa kumi. Vyumba havibanani, mashuka ni safi, wahudumu wana adabu. Alama tatu zinazokosekana zimeliwa na stima na maji, na hayo mawili unaweza kuyapekua kwa WhatsApp kabla hujatoa hata shilingi.

Tuanze na joto, maana mtu wa Kisumu hudhani analijua. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku ukikomaa mtu hutafuta shuka la kujifunika. Accra iko pwani kabisa. Kuanzia Februari hadi Aprili usiku mzima unaweza kupita kipimo kisishuke chini ya nyuzi 25, tena hewa yenyewe imejaa unyevu unaonata mwilini. Hapo feni inazungusha joto tu. Ndiyo maana gesti nyingi zina bei mbili, ya feni na ya kiyoyozi. Pengine chumba ni kile kile: ukilipa bei ya feni, rimoti inabaki mapokezi. Desemba na Januari, upepo mkavu wa Harmattan unapovuma kutoka Sahara, usiku hupoa kidogo na chumba cha feni kinatosha. Miezi mingine lipa tofauti hiyo bila kunung'unika.

Ila usiilipe kabla ya kukijaribu kiyoyozi chenyewe. Omba rimoti, weka nyuzi 18, kaa chumbani dakika kumi. Kisha nyoosha mkono kwenye mdomo wa kifaa. Kama upepo unatoka lakini haujapoa, chungulia dirishani usikilize mashine ya nje: isiponguruma, aidha umeme ni mdogo mno kuiwasha au ina hitilafu, ikinguruma na hewa bado ni vuguvugu, mara nyingi gesi imepungua au kichujio kimejaa vumbi. Kichujio unaweza kukiangalia mwenyewe kwa kuinua kifuniko cha mbele. Baada ya Harmattan huwa kimevaa blanketi la vumbi jekundu. Tazama pia ukuta ulio chini ya kifaa. Michirizi ya maji hapo ina maana bomba la kutolea maji limeziba, na usiku yatadondokea kitanda au begi lako. Chumba cha mita 3 kwa 4 kinatoshwa na kifaa cha BTU 9,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza, huandikwa kwenye kifaa). Mwenye gesti akikuonyesha hicho hicho kwenye chumba cha familia cha vitanda vitatu, kataa kwa upole.

Karibu na kiyoyozi utaona kisanduku chenye namba au mshale. Hiyo ni stabilaiza, na kuwepo kwake ni dalili ya mwenye nyumba anayejali mali yake. Umeme wa Ghana ni volti 230, lakini jioni, mtaa mzima unapowasha vifaa, hushuka, na kisanduku hicho huusawazisha. Stima ikirudi baada ya kukatika, stabilaiza hungoja dakika chache kabla ya kupitisha umeme ili mashine isiungue. Kwa hiyo usikimbilie mapokezi kulalamika kwamba taa zimewaka na chumba hakipoi. Ngoja kwanza.

Kukatika kwa stima wenyeji wanakuita dumsor, na kama ilivyo kwetu, si tukio la kushangaza mtu. Swali la maana si kama gesti ina jenereta. Karibu zote zitajibu ndiyo. Uliza jenereta inawasha nini, inawashwa saa ngapi hadi saa ngapi, na iko upande gani wa jengo. Nyingi hubeba taa, feni na pampu peke yake. Viyoyozi vinazimwa kwa sababu dizeli ni ghali. Nyingine huzimwa saa sita usiku hata kama stima haijarudi. Na ukipewa chumba cha chini kinachopakana nayo, moshi na mngurumo vitaingia kupitia vile vioo vya madirisha vya kukunjua, ambavyo havizibi vizuri hata vikiwa vimefungwa. Mradi tumetaja madirisha: hakikisha wavu wa mbu haujatoboka kwenye kona. Malaria iko Accra kama ilivyo kando ya ziwa letu, na si kila gesti inatundika neti.

Maji nayo yanafuata stima. Mfereji wa mtaa hautoi kila siku katika baadhi ya sehemu za jiji, basi gesti huweka matangi makubwa meusi ya plastiki, na pampu ndiyo inayoyapandisha juu. Stima ikipotea muda mrefu tangi linakauka. Hata stima ikiwepo, chumba cha ghorofa ya mwisho kiko karibu mno na tangi, hivyo maji yanateremka kwa unyonge na shawa inatiririka kama mkojo wa mbuzi. Ghorofa hiyo hiyo ndiyo inayopikwa na zege la paa: linakunywa jua mchana kutwa, kisha linalitema usiku. Ghorofa ya chini ina mbu, kelele za uani na, wakati wa mvua, hatari ya mafuriko. Omba chumba cha katikati. Ukikuta ndoo na kopo bafuni usiudhike, hiyo ni akiba yako; ijaze jioni. Maji ya moto katika gesti za bei hii mara nyingi hakuna, na baada ya siku ya kwanza hutayakumbuka. Ya mfereji usiyanywe. Kila duka linauza vifuko vya nusu lita kwa bei ya chini sana, na chupa kubwa pia zipo.

Sasa mtaa. Kwa mtu wa vitenge, soko ni Makola, katikati ya jiji, na foleni za magari za Accra ni sumu. Kwa sababu hiyo Madina na East Legon, hata gesti iwe nzuri namna gani, zitakumalizia asubuhi barabarani. Tunapendekeza Adabraka au Asylum Down: ni mitaa ya zamani, imetulia kiasi, na trotro (matatu za huko) au teksi hadi sokoni haichukui muda. Osu ina gesti nyingi na chakula usiku kucha, lakini ndiyo mtaa wa baa na muziki. Mwenye usingizi mwepesi asilale karibu na ile barabara wanayoiita Oxford Street, labda aende kati ya Mei na Juni, wakati baraza la kimila la Waga, kabila la wenyeji wa Accra, linapopiga marufuku ngoma na makelele kwa siku 30 kabla ya sherehe za Homowo. Eneo la Kwame Nkrumah Circle ni rahisi mfukoni na usafiri wote unapita hapo, lakini liko bondeni karibu na mto Odaw. Tarehe 3 Juni 2015 mafuriko na moto wa kituo cha mafuta viliua watu zaidi ya 150 hapo. Juni ndio mwezi wa mvua nyingi. Ukisafiri wakati huo, Circle iruke.

Ramani za simu huko si za kuaminika kwa nyumba zilizo vichochoroni. Mwombe mwenye gesti anwani ya kidijitali ya GhanaPost, mfumo ulioanza mwaka 2017: herufi mbili na namba kadhaa zinazoonyesha kipande kile kile cha ardhi. Gesti isiyoijua anwani yake yenyewe inatutia shaka. Na ukikaribia kwa miguu, chunga mitaro iliyo wazi kando ya barabara, hasa usiku ukivuta begi la magurudumu. Kumbuka pia magari ya Ghana hupita upande wa kulia. Mkenya hutazama upande usiofaa kabla ya kuvuka, na madereva wa huko hawana subira na hilo.

Bei zinapanda na kushuka pamoja na thamani ya sedi, pesa ya Ghana, kwa hiyo hatutaji namba ambayo mwezi ujao itakuwa uongo. Kanuni zetu ni hizi. Ukitajiwa bei kwa dola, omba itajwe kwa sedi. Benki ya Ghana imekataza bidhaa na huduma kutangazwa kwa fedha za kigeni, na anayeng'ang'ania dola huwa ameweka kiwango chake mwenyewe cha kubadilishia. Uliza kama bei tayari ina kodi pamoja na ile tozo ya utalii ya asilimia 1, na kama ni ya chumba au ya kila mtu. Ukikaa usiku tano au zaidi, omba punguzo. Kwa kawaida hupewa anayeongea na meneja ana kwa ana, si anayeandika kwenye tovuti. Lipa usiku mmoja kwanza, lala, kisha uamue. Desemba kanuni hizi zote zinalegea, kwa sababu Waghana wa ughaibuni na wageni wa sherehe hujaza jiji na bei huruka. Kama biashara yako inakuruhusu, nenda Oktoba.

Usitegemee M-Pesa kama unavyoitegemea Kondele. Wao wana MoMo ya MTN na wenzake, na laini ya simu unasajiliwa kwa pasipoti. Shilingi ya Kenya ni shida kuiuza, hivyo beba dola safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, za matoleo ya karibuni, uzibadilishe kwenye duka la fedha lenye leseni na kudai risiti. Kadi ya benki inakubaliwa kwenye tovuti za kuhifadhi vyumba, lakini mapokezi ya gesti ndogo mara nyingi yatakwambia mashine haina mtandao.

Chai ya asubuhi ndiyo itakayokuuma zaidi. Utapewa maji ya moto, kifuko cha majani, kopo la maziwa mazito, mkate mtamu na mayai ya kukaanga. Chai iliyochemshwa na maziwa, sahau. Ukimpata mpishi mwelewa jikoni atakuchemshia, ila majani beba yako. Kuanzia saa nne mambo yanageuka: waakye (wali uliopikwa na maharage) kwenye jani kando ya barabara, na jioni banku kwa tilapia ya kuchoma yenye pilipili iliyosagwa. Mla ugali na ngege hatapata taabu, ingawa banku ni chachu kwa vile unga wake umevundikwa. Chakula cha gesti yenyewe hutengenezwa ukishaagiza na huchukua saa nzima, hivyo agiza kabla ya kuoga. Ukimpa mhudumu pesa au ukipokea sahani, tumia mkono wa kulia. Wa kushoto ni dharau.

Soketi ni za pini tatu bapa kama zetu, chaja yako itaingia. Lakini kama utavuka mpaka wa Aflao kuingia Lomé, Togo, kutafuta vitenge zaidi, huko ni pini mbili za mviringo na pesa ni faranga za CFA, na walio na haraka hugundua hilo usiku simu ikiwa imezima.

Kuhusu mzigo: kipande kizima cha kitenge ni yadi 12, na vikikusanyika chumba kinageuka ghala. Uliza mapema kama kuna stoo yenye kufuli na nani anashika ufunguo. Jibu la "weka tu hapa nyuma ya kaunta" halitoshi. Pakia usiku wa kuamkia safari, si asubuhi, na uliza kama wana mizani. Zisipokuwepo, mizani ndogo ya kuning'iniza iliyonunuliwa hapa nyumbani itakuokoa faini ya uwanjani.

Kabla ya kuondoka Kisumu, chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 mapema. Kadi yake itaulizwa kwenye uwanja wa ndege wa Accra na inaweza kuulizwa tena ukirudi Nairobi. Ghana ilitangaza mwanzoni mwa 2025 kwamba Waafrika wote wanaingia bila visa, lakini afisa wa uhamiaji bado anaweza kukuuliza unalala wapi, kwa hiyo weka jina la gesti, simu yake na ile anwani ya kidijitali kwenye karatasi, si kwenye simu yenye chaji ya asilimia mbili. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa tatu. Ndege ikitua saa nne usiku, mwili wako uko saa saba, na geti la gesti ndogo huenda limefungwa. Mwambie mlinzi mapema utafika lini, na umwambie dereva wa Bolt au Uber apige honi asiondoke mpaka geti lifunguliwe.

Siku ya kuondoka, chumba unakiachia saa sita mchana. Kama ndege ni ya usiku, wengi hukubali nusu ya bei ukae hadi jioni, au mabegi yabaki mapokezi bure. Tumia sedi zako zote hapo hapo, ukibakisha tu za gari la kwenda uwanjani, kwa sababu Kisumu hutapata wa kuzinunua.