Forester ya turbo hapa Tabora: uzoefu wangu wa miaka miwili na pesa ilipokwenda

Vitu viwili vya kwanza nilivyofunga kwenye Forester yangu nimeshavifungua vyote, na ningependa mwenye gari la turbo wa huku kwetu (turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ili kuisukumia injini hewa zaidi) ajue sababu kabla hajatuma pesa Dar.

Gari lenyewe ni Subaru Forester SG5 ya mwaka 2004, injini EJ205 ya cc 1,994. Lilitoka kiwandani Japani na nguvu za farasi 220. Nililinunua hapa mjini kwa mwalimu aliyekuwa anahamishwa: namba C, kilomita 148,000 kwenye dashibodi, bodi safi, na asubuhi likiwashwa linatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Ule moshi niliuona, nikaupuuza. Nilikuwa natafuta gari la kushikia spana Jumapili, nalo lilinipendeza tangu lilipofunguliwa boneti.

Cha kwanza kufunga ilikuwa valvu ya kutolea hewa nje, ile inayopiga "pshiii" ukiachia pedeli. Sauti ni tamu, sikatai. Bodaboda wa Kanyenye waligeuka wote siku ya kwanza. Shida ni kwamba Subaru hii hupima hewa mwanzoni kabisa, kwa sensa iliyokaa baada ya boksi la filta, na kompyuta humwaga petroli kulingana na hewa iliyohesabiwa pale. Valvu ya kiwandani huirudisha ile hewa ya ziada kwenye mdomo wa turbo, hesabu ikabaki sawa. Ukiimwaga nje, petroli inakuwa nyingi kuliko hewa kila unapoachia mguu. Miezi miwili baadaye plagi zilikuwa nyeusi tii, eksozi inapiga risasi, na tangi linakwisha kabla ya siku zake.

Cha pili ni filta ya koni, ile inayokaa wazi ndani ya boneti. Hapa ndipo Tabora inapoachana na picha za mtandaoni. Ardhi yetu ni ya mchanga, na kiangazi ukiacha lami tu, ukakaa nyuma ya lori la tumbaku, unasafiri ndani ya wingu. Nilipofungua bomba la kuingizia hewa nikapitisha kidole, kilitoka na rangi ya udongo. Mapanga ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na mchanga unaopita pale unafanya kazi ya msasa. Tena koni ile inavuta hewa ya moto iliyojaa ndani ya boneti. Boksi la plastiki la kiwandani linavuta hewa ya mbele na linatumia filta ya karatasi ya shilingi 25,000. Nimelirudisha, na filta naibadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Turbo ilikufa nikiwa natoka Urambo. Nilisikia mlio kama king'ora cha mbali, gari likawa zito, na kwenye kioo sikuona tena barabara, ni moshi wa bluu mtupu. Nikazima palepale na kuomba kuvutwa.

Fundi wa kwanza alinishauri niagize turbo ya mtumba kutoka Gerezani, Dar, tufunge, nikaendelee na maisha. Wa pili ni mzee wa Isevya aliyeanzia kwenye malori ya dizeli. Aliushika mhimili wa turbo kwa vidole viwili, akauchezesha, akasema, "Mwanangu, hii haikufa yenyewe. Tutafute kilichoiua, la sivyo hata hiyo utakayoagiza tutaizika."

"Sawa mzee, fungua," nikamwambia.

Kwenye injini hii, boliti inayopitisha oili kwenda kwenye turbo ina kichujio kidogo cha waya ndani yake. Ukikishika unaweza kukipoteza kiganjani. Cha kwangu kilikuwa kimeziba kwa uchafu mweusi mzito kama lami. Turbo ilikuwa inazunguka kwa oili ya matone. Chanzo ni oili kuachwa muda mrefu bila kubadilishwa, na katika hilo nami nimo, maana nilikuwa nimeipeleka kilomita 7,000.

Kazi ya huyu mzee ndiyo ninayoipa alama zote katika safari hii. Hakutaka turbo nzima. Kiliagizwa kiini kipya tu, yaani mhimili, beringi na mapanga yake, kwa 520,000, kikafika kwa basi. Magamba ya nje aliyasafisha na kuyatumia yaleyale. Alishusha sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kusafisha mdomo unaovuta oili, akaosha bomba la oili, akaweka kichujio kipya, akamwaga oili iliyokuwa imelala ndani ya intakula, kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo. Kuwasha mara ya kwanza ndiko kulikonifundisha zaidi. Alichomoa fyuzi ya pampu ya petroli na soketi za koili, akatia oili kidogo kwenye tundu la turbo, akawa anapiga starta kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazimika. Ndipo akarudisha kila kitu, injini ikawaka, ikaachwa kwenye silensa dakika kumi bila mtu kugusa pedeli. Ufundi ulikuwa 180,000. Alipitisha siku moja kwenye ahadi yake, na hana risiti, kwa hiyo mwenye kuhitaji karatasi ajue mapema.

Bidhaa niliyoridhika nayo kuliko zote ni geji ya presha ya turbo, 90,000. Niliinunua nikidhani ni pambo la dashibodi. Siku ya kwanza baada ya kufunga kiini kipya ilisoma bar 0.4 tu, nikaanza kumshuku muuzaji wa kiini. Mzee akaziba mdomo wa kuingizia hewa, akapuliza upepo wa kompresa kidogo kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye viungo vyote. Mapovu yakatokea chini ya intakula, kwenye bomba la plastiki lenye umbo la Y: lilikuwa na ufa kwenye mshono ambao kwa macho hauonekani. Bomba la aluminiamu na mipira ya silikoni vikanigharimu 140,000, na sasa geji inasoma 0.8. Bila hiyo geji ningerudisha kiini kizima Dar.

Na presha hiyo ina uzito wake huku. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na hewa yetu ni nyepesi. Gari lisilo na turbo linapoteza nguvu, lenye turbo linafidia, ila linafidia kwa kuzungusha mapanga kwa kasi zaidi. Geji ikisoma 0.8 hapa, turbo inatumika kuliko ikisoma 0.8 Dar. Ndiyo maana oili sasa naibadilisha kila kilomita 4,000, na kilomita mbili za mwisho kabla ya kuzima naendesha polepole.

Rejeta nene ya aluminiamu, 460,000, sikuona tofauti ya kuilipia pesa hiyo. Ya zamani ingesafishwa ingetosha. Ukibadilisha maji ya rejeta kwenye gari hili, jazia kwenye lile tangi dogo la juu karibu na turbo, hewa itoke. Ukijazia kwenye rejeta peke yake hewa inabaki imenaswa.

Kuna kijana aliniletea kibanio cha kupandisha presha, 40,000 tu, cha kufunga dakika ishirini. Nilikataa na nitaendelea kukataa. Ndani ya kifuniko cha tangi kuna kibandiko cha Kijapani kinachotaka petroli ya oktani ya juu, na kwao hiyo huuzwa hadi kukaribia 100. Ya kwenye pampu zetu haifiki huko. Kompyuta ikisikia injini inagonga, yaani petroli inajiwakia yenyewe vibaya, huchelewesha cheche ya plagi kuiokoa. Ukiongeza presha bila kuipanga upya kompyuta hiyo, unaichukulia nafasi iliyokuwa inaitumia kuilinda pistoni.

Kwa mtu mwenye gari moja la kumpeleka kazini na watoto shule, sishauri Forester hii. Inakula lita moja kwa kilomita 8 mjini, gia zake za otomatiki ni nne tu, na kitu kidogo kikiharibika unasubiri basi. Kwa mwenye Jumapili zake na mtu wa kumwita mzee, ni gari la raha. Juzi nimelipeleka Nzega na kurudi, moshi hakuna, sindano ya joto haikucheza.

Mkanda wa taimingi unatakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 na sina rekodi ya huu uliopo. Seti nzima, pamoja na pampu ya maji, inapakiwa Dar Ijumaa. Mpaka ifike, gari limepaki chini ya mwembe.