The Stuart Hall Project: filamu nzuri kwa mtazamaji aliyejiandaa

Anayetaka kuelezwa hatua kwa hatua maisha ya Stuart Hall, msomi wa utamaduni mzaliwa wa Jamaika aliyefanya kazi Uingereza, atapata shida na filamu hii ya John Akomfrah ya mwaka 2013. Haina msimulizi. Imeundwa kwa kumbukumbu: vipindi vya redio na televisheni, picha za familia, na sauti ya Hall ya miaka tofauti ikipita juu ya picha za matukio mengine kabisa. Ndiyo maana wanafunzi wengi hupotea, wakidhani sauti na picha ni za wakati mmoja.

Dawa yake ni kuandika tarehe tano kabla ya kuanza kuitazama: 1948 (meli ya Windrush iliyowaleta wahamiaji wa Karibi Uingereza); 1956 (uvamizi wa Suez nchini Misri, na Wasovieti kuzima uasi wa Hungaria); 1958 (ghasia za kibaguzi za Notting Hill, London); 1968 (hotuba ya mbunge Enoch Powell dhidi ya wahamiaji); 1979 (ushindi wa Margaret Thatcher, aliyekuwa waziri mkuu). Mwalimu achague kipande cha dakika 15, akisimamishe mara kwa mara, aulize picha ni ya lini na sauti ni ya lini.

Sehemu ya uhamiaji ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Hall aliondoka Kingston, Jamaika, mwaka 1951 kwenda kusoma Oxford, akitoka katika familia iliyopima watu kwa weupe wa ngozi huku yeye akiwa mweusi kuliko wote nyumbani. Ukishalisikia hilo, unaelewa kwa nini hakuwahi kuichukulia rangi kama jambo la maumbile tu.

Muziki wa Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi, unaopita humo mwote si pambo, kwani Hall alimpenda tangu ujanani. Mwaka 1964 Hall alitoa na Paddy Whannel kitabu kilichowahimiza walimu kuingiza jazi, filamu na nyimbo za vijana darasani na kuzichambua kwa dhati, ingawa jazi ilipendelewa waziwazi kuliko pop. Alijua anachosema: alikuwa amefundisha sekondari kusini mwa London. Baadaye aliongoza kituo cha masomo ya utamaduni cha Chuo Kikuu cha Birmingham, kisha akawa profesa wa sosholojia Open University kuanzia 1979 hadi 1997, chuo kinachopokea watu wazima wasio na vyeti vya awali. Upande huu wa elimu ulistahili nafasi kubwa zaidi.

Nadharia zake nazo hazifafanuliwi vya kutosha. Baada ya filamu, soma makala yake ya mwaka 1973 kuhusu jinsi mtazamaji anavyoweza kuukubali, kuujadili au kuukataa ujumbe wa televisheni.