Msafara wa pikipiki porini ambao anayejifunza hasukumwi

Hawa jamaa wanaotembeza watu porini na pikipiki nawapa nyota nne, na sio kwa sababu ya pikipiki zao ingawa ziko vizuri, tairi zina meno na breki zinashika. Nyota ni za namna wanavyoishi na watu wa mwendo mdogo. Wife ndio kwanza anajifunza, mimi naendesha muda sasa, kwa hiyo hicho ndo kitu nilikuwa nakiangalia kuliko vyote.

Kabla hamjawasha mnaambiwa sheria za kupita. Ukimkuta mtu mbele unabaki nyuma yake na nafasi ya kutosha, unasubiri mpaka ajue upo, halafu yeye ndo anachagua pa kukupisha sio wewe. Akishasogea unapita polepole, huvuti mafuta mpaka umwache mbali kabisa maana lile tairi la nyuma linamrushia mwenzio mawe na udongo wa uso. Ukiwa unapita unanyoosha vidole vya mkono wa kushoto kuonyesha nyuma yako wamebaki wangapi, wa mwisho anakunja ngumi, basi aliyepisha anajua sasa naweza kurudi njiani bila kugongwa. Na njia ikiwa ya upana wa pikipiki moja hakuna kujichongea njia pembeni kwenye majani, unatulia mpaka pakae wazi.

Kuna watu wanadhani ukimpigia mtu resi mgongoni ataongeza mwendo. Haongezi! Anayejifunza akisikia injini inanguruma nyuma anageuza shingo, na pikipiki inaenda macho yanakoenda, kwa hiyo mti aliokuwa anaukwepa ndo huohuo anaufuata. Msafara mmoja tuliowahi kwenda, wa watu wengine kabisa, walimfanyia hivyo wife kwenye mteremko wa mawe akaenda chini, na aliyesababisha wala hakusimama kumuuliza umeumia. Kwangu huyo sio dereva hata awe na spidi gani.

Sasa kilichonifurahisha zaidi hapa ni mapumziko. Kwingine wenye kasi wanafika njia panda, wanavua helmeti, wanakunywa maji, wanapiga stori, halafu yule wa mwisho akitokea tu anahema wao wanawasha wanaondoka, yaani aliyechoka kuliko wote ndo pekee hapumziki na ndo hapo mikono inaisha nguvu anaanza kudondoka. Hawa hapana. Muda wa kupumzika unaanza kuhesabiwa mtu wa mwisho akishazima pikipiki, na kiongozi anamuuliza yeye kwanza kama yuko tayari. Kila njia panda wanaacha mtu wa kuonyesha njia, haondoki mpaka amwone anayefunga msafara, kwa hiyo huna haja ya kuforce mwendo ukiogopa kupotea. Vumbi likiwa jingi kila mtu anasubiri litulie ndo aende, hakuna kulishana vumbi.

Kwenye kilima pia wako makini, anayepanda ndo mwenye njia, anayeshuka anasimama pembeni, sababu ukimsimamisha mtu katikati ya mwinuko kuondoka tena hapo ni shughuli, hasa kama miguu haifiki chini vizuri.

Nyota moja nimeikata kwa ajili ya wale wanaokodi pikipiki bila kiongozi. Wanaachiwa njia zilezile bila kuambiwa hata moja ya hizo sheria, wawili walitupita kwenye kona kwa fujo mpaka kiongozi wetu akawafuata kuwasema. Alifanya vizuri ila wangeelezwa pale pale wanapopewa funguo.

Ukiwa na mtoto au mshkaji anayejifunza sema mapema wakati wa kubuki, wana kundi la taratibu lenye kiongozi wake, na ukiomba utakaa nyuma ya huyo anayejifunza wewe mwenyewe.